Ukuta wa Fundi Timazi

Fundi Timazi hakupenda kusahihishwa, na katika miaka arobaini ya kuwajengea watu nyumba hakuwa amepatikana wa kumsahihisha. Kuta zake zilisimama wima kiasi kwamba mafundi wenzake waliacha kumwita kwa jina la kuzaliwa, wakamwita kwa ile timazi yake, kipande cha risasi chenye uzi ambacho hakikutoka mfukoni mwake hata siku alipoozesha binti. Alipostaafu, mkewe alidhani nyumba itapata raha. Wapi! Mzee alishinda dirishani akizitia ila kuta za majirani, mpaka mkewe akamwambia, "Baba, toka ukatafute kazi. Hizo kuta hazitanyooka kwa kukodolewa macho."

Kazi aliipata nyuma ya ghorofa yao, kwenye kiwanja cha mkwaju.

Mkwaju wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote pale mtaani. Watu wanne wakishikana mikono hawakuweza kulizunguka shina lake. Zamani chini yake palikuwa jaa: magodoro yaliyotoboka, vioo vilivyovunjika, mifuko ya taka iliyofungwa kwa mafundo mazuri kana kwamba mwenyewe atairudia. Halmashauri ilitaka kuukata ipate maegesho ya magari, na ingefanikiwa, ila ghorofa ya tatu kulikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa sauti ndogo na kichwa kigumu, aliyegundua kwamba upo utaratibu wa kuandikisha miti ya urithi. Aliandika barua, akajibiwa vibaya, akaandika nyingine. Mwishowe mkwaju ukafungwa kibati chenye namba, na wakazi wakaruhusiwa kulima bustani kuuzunguka, kwa sharti moja. Mti ukiwa hai, kiwanja ni chao. Mti ukifa, ni maegesho.

Basi wakalima. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakijuana kwa mlio wa funguo tu, sasa wakaanza kuulizana hali za watoto. Mjane wa ghorofa ya chini, ambaye tangu amzike mumewe alikuwa akiitikia salamu kwa kutikisa kichwa, alipewa tuta la bamia, na msimu ule ule akaanza kugombana na watu juu ya zamu za kumwagilia. Kila mtu alifurahi kugombezwa naye. Mke wa Timazi, aliyeambiwa na daktari atembee, naye akawa anatembea kutoka kitandani hadi kwenye kochi, sasa aliinama na kuinuka asubuhi nzima akipalilia spinachi, na presha ikashuka yenyewe bila kubembelezwa.

Na Timazi? Timazi aliujengea mkwaju ukuta. Alichora duara kuzunguka shina, akapanga matofali ya kuchoma kozi sita, safu juu ya safu, akajaza udongo na samadi hadi juu, akapanda maua. Hakuna aliyemwagiza. Kwake jambo lilikuwa wazi: nguzo usipoifukia vizuri haisimami, na mti ni nini kama si nguzo yenye majani? Kila mwaka udongo ulipodidimia aliongeza mwingine. Aliupenda mti ule, tena aliupenda kwa njia pekee aliyoijua, ya tofali juu ya tofali. Wageni wakija bustanini walipiga picha ukutani, naye alijifanya hawaoni huku akisogea kidogo ili na yeye aingie.

Mwaka wa tano majani yakaanza kugeuka manjano na kupukutika kabla ya wakati wake.

Mshukiwa hakutafutwa mbali. Upande wa barabarani wa mkwaju kulikuwa na mtu wa makamo aliyeosha magari kwa pampu inayonguruma. Watu walimwita Povu. Maji yake, pamoja na hilo povu, yalitiririka kutwa nzima mpaka kwenye mizizi. Timazi aliitisha mkutano, akasimama katikati ya matuta, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tunamwagilia sisi, anatia sumu yeye."

"Lakini upande wake ndio wenye majani mabichi," alisema muuguzi. "Huku kwetu ndiko kunakokauka."

"Sumu huingilia mlango wa mbele ikaua chumba cha nyuma," Timazi alijibu, na kwa kuwa alisema kama mtu anayesoma kwenye msahafu, watu wakatikisa vichwa kukubali.

"Tumwite basi na yeye tumsikie."

"Tumwite wa nini? Mwizi haalikwi kwenye kikao cha kumjadili."

Karatasi ikazunguka, wakatia sahihi wote, hata mkewe, hata muuguzi. Wiki mbili baadaye Halmashauri ikamwondoa Povu. Alikunja mipira yake ya maji, akapakia pampu kwenye mkokoteni, akaondoka bila kumtukana mtu. Timazi alisema hiyo ndiyo dalili ya mwenye hatia.

Haikupita miezi mitano, mti ukazidi kuwa hoi. Sasa hata ule upande wa barabarani, uliokuwa mbichi, ulianza kunyauka. "Sumu imeingia kwa miaka, nayo itatoka kwa miaka," Timazi alisema, lakini safari hii hakuna aliyetikisa kichwa. Adhuhuri moja tawi nene likakatika likaangukia benchi. Benchi lilikuwa tupu, Mungu ashukuriwe, lakini muuguzi hakuwa mtu wa kuficha jambo, akaenda kutoa taarifa. Halmashauri ikamtuma mkaguzi wa miti.

Alikuwa binti mdogo wa buti zenye tope, mwenye kinyundo cha mbao kiunoni. Aliuzunguka mkwaju mara tatu, kisha akauliza, "Ukuta huu ni wa nani?"

Watu wote walimtazama Timazi. "Wangu," alisema, akajiweka sawa apokee sifa.

Mkaguzi aliomba ruhusa, akang'oa matofali machache ya juu, akazamisha mkono udongoni hadi kwenye kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika kipande cha gome laini kama mkate uliolowa. Kilinuka. Alikiweka juu ya ukuta ili kila mtu akione.

"Mti una shingo, babu," alisema kwa upole. "Pale shina linapotanuka kuwa mizizi. Panatakiwa pawe wazi, papate hewa. Huu mmeuzika mpaka kiunoni, na uko hai."

"Lakini nguzo usipoifukia..."

"Nguzo ilishakufa, babu, ndiyo maana inakubali kufukiwa."

Mjane wa bamia akauliza kuhusu sabuni ya Povu, na mkaguzi akasema hawezi kusema kitu kabla hajaiona mizizi. Aliwapa siku thelathini. Ukuta ubomolewe, udongo uondolewe mpaka kimo chake cha zamani, kisha atakuja kupima gome lililooza. Likizidi nusu ya mzunguko ataandika mti ukatwe, kwa sababu utaangukia watu. Na jembe lisiguse pale, wala sepeto, maana litachubua hata kile kilichobaki. "Udongo utolewe kwa maji ya pampu, polepole, na mtu mwenye mkono mwepesi."

Kila mtu pale alijua pampu ni ya nani.

Jioni Timazi alikaa mezani chakula kikapoa. "Nimeuua mti," alisema.

"Hujauua bado," mkewe akasema. "Ila yule mtu ulimfukuza."

"Hata wewe ulitia sahihi."

"Nilitia." Mkewe alivuta kiti akakaa. "Nilitia kwa sababu wewe ulikuwa na hakika. Ukiwa na hakika, baba, mtu anaona aibu hata kuuliza. Ni hivyo tangu unioe."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwuma. Timazi alitaka kujibu, akagundua kwamba jibu alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa la hakika vilevile.

Asubuhi alimtafuta Povu, akampata nyuma ya gereji moja akiosha lori. Povu alimwona, akamaliza magurudumu mawili yaliyobaki bila haraka, akazima pampu, akajipangusa mikono.

"Shikamoo, fundi."

Timazi aliitikia marahaba kwa kuchelewa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakujiandaa kwa heshima.

"Nimekuja kukuomba."

"Niombe."

"Mti unakufa."

"Mlisema ni mimi."

"Si wewe. Ni mimi."

"Rudia, pampu inapiga kelele," alisema Povu. Pampu ilikuwa imezimwa kitambo. Timazi akairudia, kwa sauti, mafundi wa gereji wakageuka kutazama. Kisha akaeleza yote, ukuta, shingo, gome, siku thelathini. Povu alisikiliza akiwa ameinamia ndoo yake.

"Hapa kazi imeongezeka," alisema mwishowe. "Kumpiga chura teke, fundi, unalijua mwenyewe. Kwa hiyo usidhani unanirudishia kitu, sirudi kule. Ila Jumamosi nitakuja. Nimekaa kwenye kivuli cha mti ule miaka tisa. Kwenye kivuli chako sijawahi kukaa."

Timazi aliubomoa ukuta peke yake. Vijana walijitolea akakataa, mkewe akamwambia apumzike akakataa. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ukuta ulijengwa na Fundi Timazi: udongo wa saruji ulishika tofali kama ulivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza maishani alijuta kwamba hajui kujenga vibaya. Ilimchukua siku nne. Usiku mikono ilimwuma hata kijiko kikawa kizito.

Jumamosi Povu alikuja na pampu yake. Alilegeza maji mpaka yakatoka kama mvua ya manyunyu, akaanza kuosha udongo kuanzia juu, akisogeza mpira shibiri kwa shibiri. Timazi alipiga magoti mbele yake akachota tope kwa bakuli, bila glavu, na mjane wa bamia na muuguzi na mke wa Timazi wakapokezana kulibeba kulipeleka kwenye matuta. Hawakuzungumza sana. Kufikia alasiri shingo ya mkwaju ilikuwa nje, nyeusi, imesinyaa upande wa bustani, na harufu ikawafanya watu wageuze nyuso. Timazi hakugeuza wake.

Mkaguzi, aliyekuwa amearifiwa na muuguzi, alifika, akagongagonga gome kwa kile kinyundo chake akizunguka, akichora chaki pale sauti ilipobadilika. Akanyoosha futi ya kitambaa. Akapima tena.

"Ni chini ya nusu," alisema. "Kidogo tu. Nitaandika uachwe, nije tena baada ya mvua mbili. Siahidi kitu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mke wa Timazi alikaa chini palepale kwenye tope, akalia kidogo, akajifuta.

"Na sabuni?" aliuliza mjane, ambaye hakuwa mtu wa kuacha swali njiani.

Mkaguzi alihamia upande wa barabarani akachuchumaa. Huko gome lilikuwa zima. Mizizi ilikuwa minene, na kutoka kwayo kulichipuka mingine midogo, mingi kama nywele, yote ikielekea mahali pamoja, pale kwenye ardhi kavu ambapo magari yalikuwa yakioshwa.

"Hapa palikuwa na maji?"

"Kila siku," alisema Povu.

"Sabuni si nzuri, ningekwambia uiache. Lakini maji haya ndiyo yaliyoushikilia. Upande ule uliposhindwa kupumua, upande huu ukawa unaulisha mti mzima." Alichukua kalamu. "Yalikatika lini?"

"Miezi mitano iliyopita."

"Basi ndiyo maana umeporomoka haraka hivi," alisema, akaandika.

Watu wakawa wanatazama miguu yao. Timazi alinyanyuka kutoka magotini, taratibu, akishika shina. "Andika kwamba aliyeyakata ni mimi," alisema.

"Fomu haina sehemu hiyo, babu."

Povu alikuwa amekwisha kuanza kukunja mpira wake. Timazi alimfuata mpaka kwenye mkokoteni, akasimama na mikono yake yenye tope akiwa hajui aiweke wapi.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilijua unakunywa. Jioni nikimaliza kazi nilikuwa nauachia maji safi kidogo, bila sabuni. Ulikuwa ukichangamka."

"Sasa mbona hukutuambia siku ile kwenye mkutano?"

Povu alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Mkutano gani, fundi?" alisema. "Mimi niliona karatasi tu."

Alifunga pampu kwa kamba, akausukuma mkokoteni akaenda zake. Timazi alisimama pale mpaka mkewe akamwita. Kisha alichukua ndoo mbili, akazijaza bombani, akavuka nazo mpaka upande wa barabarani, akazimwaga pale kwenye ardhi kavu, akarudi kujaza nyingine.