Ibada Tatu Ndani ya Kompyuta ya Mzee Kaloki

Mbithe aliitua kompyuta juu ya meza ya fundi Mbuthia, nyaya zikining'inia.

"Ulisema ukiongeza memori wimbo utaingia wote. Haujaingia."

Mbuthia, aliyekuwa na kibanda cha vyombo vya umeme kwenye ghorofa moja ya River Road, aliinua macho. "Mama Nzisa, si hata usalimie kwanza?"

"Sasa! Nimesalimia. Haujaingia."

Mashine ilikuwa ya baba yake, mzee Kaloki: kibodi nene ya miaka ya themanini, ya kuchomekwa kwenye televisheni. Mwaka huo wa 2004 mji mzima ulikuwa umeshazisahau kompyuta za aina hiyo, lakini mzee alikuwa bado akiitumia kutungia nyimbo za kwaya, pale nyumbani kwa Mbithe, Mountain View. Wanakwaya wake hawakujua kusoma noti za muziki. Walijifunza kwa kaseti ambayo mzee aliirekodi mashine ikipiga. Wimbo wake mpya wa Pasaka ulikuwa mrefu kuliko yote, na mashine ilikuwa ikiukataa katikati: memori imejaa. Mwenyekiti wa kwaya naye alikuwa ametangaza kwamba kaseti isipofika Ijumaa, wataimba wimbo wa mtu mwingine. Mzee hakulalamika. Aliacha tu kumaliza chakula, na hilo ndilo lililomkera Mbithe.

"Memori iko," Mbuthia alisema. "Shida ni prosesa, ubongo wa mashine. Hii ya zamani ina namba elfu sitini na tano hivi za kuitia nafasi za memori. Zikiisha, zimeisha. Hata nikuwekee gunia la chipu, haina namba ya kuziita. Hizo nimeongeza zimekaa tu huko nyuma."

"Na hukuniambia?"

"Si ulikuwa unakimbia!"

Mbithe alifikiri kidogo. Kanisani kwao Kangemi watu walipozidi mabenchi, hakuna aliyeongeza benchi, kwa sababu hapakuwa na pa kuliweka. Waligawa ibada: Kikuyu saa mbili, Kikamba saa nne, Kiswahili saa sita. Mabenchi yale yale.

"Basi watoe wa kwanza, uingize wa pili," alisema. "Namba ni zile zile, wanaokalia ndio wanabadilika."

Mbuthia alicheka. "Hivyo ndivyo hufanywa. Memori inagawanywa mafungu, moja likitoka lingine linaingia mahali pake. Lakini programu ya mzee haijui kubadilisha."

"Ifundishwe. Alhamisi uje nyumbani. Chai itakuwepo."

Alhamisi jioni alikuja. Mzee aliukata wimbo wake vipande vitatu, uso umekunjamana kama anayekatwa yeye, kila ubeti ukapewa fungu lake. Mbuthia akaandika amri za kubadilisha, kisha wakaiwasha. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri sana. Ulipoisha, picha iliganda na televisheni ikatoa mlio mmoja usiokoma.

Mzee Kaloki alifumba macho. "Basi. Waimbe wa huyo mwingine."

"Ni chipu moja mbovu, mzee," Mbuthia alisema, akinyoosha mkono kwenye chuma chake cha kuchomelea.

"Weka hiyo chini," Mbithe alisema. "Imegoma ikifanya nini?"

"Ikibadilisha fungu."

"Na programu yenyewe, ile inayopiga wimbo, umeiweka wapi?"

Mbuthia alikuna kichwa. "Hapo... na ubeti wa kwanza."

"Mbuthia! Umemtoa mchungaji pamoja na watu wa saa mbili! Wa saa nne wameingia, madhabahuni hakuna mtu!"

Mzee aliangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. Mbuthia, kichwa chini, aliihamisha programu hadi kwenye sehemu ya memori isiyobadilishwa kamwe. Wakaiwasha tena.

Ubeti wa kwanza. Kimya kifupi. Wa pili ukaingia. Kimya. Wa tatu ukapanda hadi mwisho, na hakuna kilichoganda.

"Hako kanafasi katikati siwezi kukatoa," Mbuthia alisema. "Ni mashine inabadilisha."

"Mimi sikuandika nafasi hapo," mzee akanung'unika.

"Baba, hapo hata malaika wangevuta pumzi. Ulitaka kuwaua akina mama wa sauti ya kwanza?"

Mzee aliguna. Alipachika kaseti kwenye redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akamtazama binti yake.

"Sasa nenda jikoni. Sitaki kwaya ijifunze na kelele zako."

Mbithe alikwenda, na akampakulia sahani iliyojaa.