Mlango wa Bafu, Chumba Namba Nne

...na maji bado yanatiririka, dakika ya kumi na mbili sasa, au ya kumi na tano, binti hakuangalia saa mama alipoingia, na muuguzi mzima, miaka ishirini kazini, anajua wazee huangukia wapi, huangukia bafuni, kwenye vigae vinavyong'aa kama hivi, "Mama, uko salama?" na sauti ikajibu kutoka ndani, "Niko salama, mwanangu, namalizia," haya basi, shukuru, kaa kitako, tazama chumba ulichokisubiri tangu mwaka jana, dari lililo juu, madirisha ya mbao yanayotazama uchochoro, mito sita kwa vichwa viwili, nani analalia mito sita... na kitanda cha mama kimeshatandikwa, pembe za shuka zimekazwa kama bahasha, na wahudumu bado hawajapita, ila hilo usilitazame, tazama nje, watu wanawahi kazini... zawadi gani hii, mdogo wake alimwambia kwenye simu, unampeleka mama akalale kwa matajiri wake? naye akawaka, wewe hujui, mama anaipenda nyumba ile, na kweli, si walilelewa kwa sifa zake, ngazi inavyopinda, mwanga wa asubuhi kwenye sakafu ya ukumbi, vitasa vya shaba, miaka ishirini na sita mama alifua na kupiga pasi humu kabla warithi hawajaiuza ikawa hoteli, na hakutamka neno baya hata moja... sasa jana, teksi imesimama mbele, yeye anahangaika na masanduku, kugeuka, mama hayupo, kumbe ameshauzunguka ukuta, amesimama kwenye kigeti cha nyuma kinachopitishiwa takataka, mkoba kifuani, anasubiri afunguliwe, na yeye akacheka, Mungu amsamehe, alicheka, "Mama, leo sisi ni wageni bwana," na mama akacheka kuliko yeye, wakapanda ngazi za mbele, na dada wa mapokezi, "Shikamoo mama, karibu, ni mara yako ya kwanza hapa?" na mama, bila hata kumtazama binti yake, "Ndiyo, ya kwanza"... na ile sauti chini ya maji, kwaru, kwaru, anaijua ile, ni brashi, "Mama, unafanya nini humo?" "Hapa kona tu, wamepasahau," mikono ile, miaka sabini na moja, inasugua beseni la hoteli... mikono ile, jioni za utotoni, kwenye karai la maji ya uvuguvugu, imepasuka kwa sabuni, na mtoto mkubwa, yeye, anauliza, mama, mikono ina nini, na mama anaanza, basi mngeiona ngazi ya nyumba ile... hapo ndipo ngazi ilipoanzia, kila mara, kila alipouliza habari ya mikono, na yeye akameza sifa zote na kuziita mapenzi, na tangu jana ameshauliza mara nne, umefurahi mama? na mara nne mama amesifia, vitasa, mwanga, ngazi... mkono wa binti uko kwenye kitasa na haukizungushi, mama angeanguka angejua la kufanya, hiyo ni kazi yake, lakini mama atatoka mzima, atajifuta mikono, atatabasamu, ataanza kusifia, na yeye, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, hajui atamwambiaje kwamba si lazima tena.