Goti na Mizani

Ufukweni Nchelenge, mwanamke wa kubanika samaki hakununua kiberiti maadamu jirani yake ana moto. Aliyeamka na makaa mazima alimgawia yule ambaye moto wake umezimika, na aliyeomba leo aliombwa kesho. Ndivyo walivyojuliana hali. Asiyekuja kuomba wala kutoa alijulikana kuwa ana kinyongo, na kabla jua halijashuka mwenzake mmoja angekuja kukaa kwenye gogo lake amuulize kinyongo hicho ni cha nani.

Emilienne alikuwa mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, akavuka na mumewe François, fundi wa mitumbwi. François alikufa kwa homa akazikwa nyuma ya kanisa, na Emilienne, ambaye hakujaliwa mtoto, akabaki na chanja yake ya kubanikia, moto wake, na kaburi hilo. Ng'ambo alikuwa na kaka tu, na mke wa kaka aitwaye Régine, mwanamke ambaye kila akiona mgeni mlangoni huanza kuhesabu sahani.

Chanja ya jirani ilikuwa ya Eness, mzaliwa wa papo hapo. Eness aliota ndoto zake kwa Kibemba, lakini kwa Emilienne alizungumza Kiswahili cha wachuuzi, na kwa miaka mingi kiliwatosha kwa mambo yote, hata ya moyoni.

Siku hizo samaki waliuzwa kwa tenga. Mchuuzi alileta tenga lake, ukalijaza, kisha yeye akapiga goti juu yake na kukandamiza mpaka samaki wavunjike na tenga lishuke nusu. Ukajaza tena, kwa bei ileile. Mchuuzi mmoja tu hakufanya hivyo kwa Emilienne. Huyo alikuwa Zéphirin, mtu wa Kilwa aliyenunua pande zote mbili za ziwa na kupeleka samaki hadi migodini. Yeye aligonga ubavu wa tenga kwa vidole, akasikiliza samaki wakavu wakilia ndani kama vigae, akalibeba.

"Tenga ya mama Emilienne sifunguake hata siku moja," aliwaambia wengine. "Kufungua ni kumutukana."

Maneno hayo Emilienne alikwenda nayo nyumbani, na nyumba isiyo na mtu ikawa kama ina mtu.

Hata hivyo ni yeye aliyelileta jambo la goti kwenye mkutano. Mwaka huo, 1976, bwana wa ushirika alikuwa kijana aitwaye Bwembya, ametoka masomoni karibuni, na shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya sandukuni. Aliuliza kina mama wana shida gani. Wote wakatazama mchanga. Emilienne akasimama.

"Ba bwana," alisema kwa heshima ya Kibemba, "goti ya muchuuzi inakula samaki kupita kinywa yake. Na sisi hatuna na goti ya kumurudishia."

Watu walicheka. Bwembya hakucheka. Mvua zilipokwisha alirudi na mizani, ikatundikwa kwenye miti mitatu iliyosimamishwa ufukweni, yenye uso mweupe kama wa saa na mshale mwekundu. Toka leo, alitangaza, hakuna tenga, hakuna goti. Samaki ni kwa kilo, na bei ya kilo imetoka Lusaka, moja kwa wote. Atakayeongeza au kupunguza atapigwa faini. Kisha akageuka mbele za watu, akamwita mama kwa Kibemba: "Mayo Emilienne, ni wewe uliyeomba." Eness akapiga vigelegele, na Emilienne akajifunika uso kwa kitenge kwa aibu ya furaha.

Siku ya kwanza ya soko wavuvi wa kisiwa cha Chisenga walipakua samaki wabichi, wakatundika, mshale ukakimbia. Walitazamana kama watu waliookota kitu. Zamani mchuuzi aliwakadiria kwa jicho, na jicho lake halikuwahi kukosea kwa hasara yake mwenyewe. Baada ya mizani kuja, Chisenga ziliezekwa nyumba za bati na watoto wakapelekwa shule. Hilo ni kweli, na Emilienne mwenyewe hakuacha kulisema.

Kisha ikafika zamu yake. Samaki wake walikuwa wamekaa kwenye moshi siku mbili kamili, maana hivyo ndivyo samaki anavyofika migodini mzima. Tenga lake lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mshale ulitikisika kidogo, ukasimama karibu na mwanzo.

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Ba mama, umeleta samaki ao umeleta moshi?"

Zéphirin hakucheka. Alitazama mshale, akamtazama askari aliyesimama kando kulinda bei. "Mama, nisamee. Zamani ningekupa bei ya tenga muzima. Sasa ile mushale njo bei."

Tenga la Eness lilikuwa dogo zaidi, lakini yeye aliwaepua samaki wake jioni ya siku ya kwanza, wangali na maji ndani. Mshale ulipita wa Emilienne mara mbili.

Haikuchukua muda kina mama wote wakafahamu. Kwa nini uchome kuni siku ya pili ili kufukuza maji ambayo mizani inayalipa? Waliwasha asubuhi, wakaepua alasiri, wakaenda nyumbani kwa watoto wao, na hapo palikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyeitangaza: walilala. Jua likielekea Zaire, moshi mmoja tu ulibaki ufukweni, wa Emilienne. Zamani saa hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya masimulizi, gogo kwa gogo. Sasa alisikia maji, na mbwa wa mbali, na mafuta ya samaki yakidondokea makaa. Asubuhi wote walikuja kwake kuomba moto, kwa kuwa wao mioto yao ilikuwa imekufa tangu jana. Aligawa, wakashukuru, wakaenda. Yeye hakuwa na wa kumwomba.

"Ba Emilienne, epua na wewe," Eness alimsihi siku moja, kijinga cha moto mkononi. "Unabanikia nani? Muzungu wa mugodi hakujui."

"Zéphirin ananijua."

"Zéphirin analipa mushale."

Lakini chakula kilikuwa kinapungua na kuni zilikuwa ghali. Juma lililofuata Emilienne akaepua alasiri kama wengine. Samaki walikuwa laini kama mkate uliolowa. Alipanga tenga bila kuwatazama, akaenda nyumbani mapema, akaketi kitandani asijue jioni inafanywaje.

Siku ya soko mshale ulikimbia vizuri. Emilienne alinyoosha mkono kupokea fedha yake. Zéphirin akainama, akakata kamba ya tenga, akafungua. Akachukua samaki mmoja, akambonyeza kwa kidole gumba, na maji yakatoka.

Alifunga tena.

"Umefungua," Emilienne alisema.

"Nafungua ya bote sasa, mama. Lori yetu imerudishwa juma iliyopita, samaki imeoza katika njia. Sikutaka kufungua yako." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Sikiliza. Kule Kilwa hakuna balansi, hakuna mizani kama hii. Uvuke. Banika kama zamani, nitanunua tenga muzima, na sitafungua."

Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililouma. Emilienne alipiga hesabu yake njia nzima ya kurudi. Akibaki na samaki mkavu, njaa. Akibaki na samaki wa maji, tenga lake litafunguliwa hadi atakapokufa. Akivuka, atalala kwa Régine, na François atabaki nyuma ya kanisa bila mtu wa kumpalilia.

Alikwenda kwanza kwa Bwembya. Alimkuta nje ya ofisi, amekaa kwenye ngazi, anamenya chungwa.

"Sikuja kukuambia uondoe mizani," alisema. "Goti ilikuwa mubaya. Nakuomba bei mbili. Moja ya mubichi, moja ya mukavu."

Bwembya aliliweka chungwa chini. "Nimekwisha kuandika, mayo. Niliuona mshale siku ile. Wameniambia bei itatazamwa tena mwakani. Wavuvi wa Chisenga wanaponipungia mkono nafurahi, sikudanganyi. Halafu napita kwenye chanja yako, na mkono wangu sijui niuweke wapi."

"Uniweke na mimi katika hesabu."

"Umo. Nitaandika tena. Nitakwenda Lusaka mwenyewe."

Emilienne alimwamini. Ila mwakani lilikuwa neno refu kwa mtu mwenye sufuria moja.

Asubuhi ya kuondoka alipalilia kaburi, akafunga vitu vyake kwenye kitenge, akarudi kwenye chanja tupu. Moto wake ulikuwa hai bado. Eness alikuja kuomba, kama kila siku, akauona mzigo.

"Nani atatupa moto?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza habari za moto.

"Nakuachia huu. Mimi naenda kuomba kwa watu nisiobajua."

Eness alikaa kwenye gogo. Aliyachokoa makaa, kisha akasema, "Mimi nilikuwa na watoto, ba Emilienne. Ningefanya nini?"

"Ungefanya vile ulifanya. Ningekuwa na watoto, na miye ningeepua."

Walishikana mikono yote miwili, kwa namna ya hapo, na goti limeinama kidogo.

Boti ya Zéphirin ilipaswa kuondoka mapema, lakini ilisubiri abiria wa kijiji cha Puta mpaka jua likapinda. Walipong'oa nanga, Emilienne alikaa juu ya mzigo wake, uso kwa Nchelenge. Akaona mioshi ya ufukweni ikikatika, huu, kisha ule, kina mama wakiepua na kwenda kwao. Ndiyo saa ambayo siku zote alibaki peke yake, na sasa hata pale hakuwapo.

Moshi mmoja haukukatika. Ulitoka mahali pa chanja yake, mweupe na wa pole, moshi wa kuni mbichi, wa mtu anayebanika mpaka siku ya pili. Na chini yake, mdogo kabisa, mtu mwenye kitenge cha kijani kama cha Eness alikuwa akigeuza samaki.

"Unatazama nini, mama?" Zéphirin aliuliza toka nyuma, penye injini.

"Juma lijalo," alisema, "ukifika pale, kuna tenga moja usilifungue."