Mkono wa KV

Elna Rasmussen alikuwa na masikio makali kuliko mtu yeyote pale Marlow Junction, mji wetu mdogo wa Iowa, na hakuna aliyemwonea wivu kwa hilo. Alifanya kazi ya telegrafu kwenye gazeti letu, ghorofani, katika chumba cha pembeni ambacho joto la jiko halikufika. Kutwa nzima kidude cha shaba kilicho mbele yake kilimgongea ta-ta-taa, naye akaigeuza milio hiyo kuwa maneno: bei ya mahindi Chicago, mvua ya Nebraska, nani kafa Washington. Jioni alivaa koti, akaenda kunywa supu kwenye mkahawa wa Mgiriki, kiti cha mwisho karibu na mlango wa jikoni, kisha akarudi kwenye chumba alichopanga kwa mjane mmoja wa mtaa wa kanisani. Wazazi wake walishakufa. Kaka yake alihamia Oregon, akaacha kuandika barua.

Mimi nilikuwa mpanga herufi kwenye gazeti hilohilo. Naitwa Harlan Dvorak. Mke wangu alichukuliwa na homa ile kubwa ya mwaka ambao vita viliisha, na tangu hapo na mimi nikawa mteja wa Mgiriki, ila nilikaa upande wa dirishani. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuhamia meza moja. Nilimwinulia kofia, naye akaitikia kwa kichwa.

Lakini kila mwaka, mwezi wa kumi, kwa wiki moja, mji mzima ulitutegemea sisi wawili.

Ilikuwa fainali ya besiboli. Mabingwa wa ligi mbili kubwa za Marekani walikutana, na aliyetangulia kushinda michezo minne ndiye aliyeitwa bingwa wa dunia, ingawa dunia yenyewe haikualikwa. Viwanja vilikuwa mbali, mashariki huko, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa treni. Kwa hiyo gazeti lilitundika ubao mkubwa ukutani, nje, juu ya mlango, umechorwa uwanja na vituo vyake vinne, cha mwisho kikiitwa nyumbani, ambapo mchezaji akifika timu yake hupata pointi. Mpira mweupe wa bati na vijitu vya bati vya wachezaji vilining'inia kwenye kamba. Mimi nilisimama nyuma ya ubao, juu ya jukwaa la mbao, nikivuta kamba. Elna alikaa dirishani nyuma yangu na kidude chake, akinipigia kelele kila kilichotokea.

"Mpira mbaya! Wa pili huo!"

"Amepiga! Kulia, chini chini! Amefika kituo cha kwanza!"

Nami nauvuta mpira, na barabarani watu elfu mbili wanapiga yowe kana kwamba wameuona. Maduka yalifungwa. Walimu waliwaachia watoto mapema. Lindqvist kinyozi alikuja na mteja wake ana povu nusu ya uso.

"We Harlan!" alikuwa akipaza sauti. "Umesinzia huko nyuma? Sukuma huo mpira, bwana, mke wangu ananisubiri!"

"Mkeo amekusubiri miaka ishirini, hatakufa leo!" mtu mwingine alimjibu, na barabara nzima ikacheka.

Elna hakuwahi kuona mchezo wa besiboli hata mmoja. Aliujua kwa sikio tu, na alichokijua zaidi ni mkono wa mtu aliyeutuma.

Watu wa telegrafu wana jambo hili: kila mmoja ana mkono wake, kama mwandiko. Huyu anagonga kwa haraka, yule anavuta, mwingine anasita kabla ya herufi fulani. Mtu wa uwanjani alijitambulisha kwa herufi mbili tu, KV. Alikaa jukwaani pamoja na waandishi wa habari akigonga kila mpira uliorushwa, na ofisi kama thelathini kwenye laini ile zilimsikia kwa pamoja. Elna aliniambia mkono wa KV ulikuwa mtulivu, na kwamba mtu akipiga mpira mrefu, KV huchelewa kidogo kabla ya kusema umeangukia wapi.

"Anauangalia," alisema. "Anausahau mtambo, anauangalia mpira kwanza."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia.

Timu zilipobadilishana zamu, laini ilikuwa kimya kwa dakika mbili tatu, na hapo ndipo KV alipozungumza. Alianza kwa salamu kwa ofisi zote, lakini kufikia mwaka wa tatu ilikuwa wazi anamsemesha nani.

"Iowa, hali ya hewa?"

"Mawingu," Elna alijibu. "Huko?"

"Jua. Mrushaji wao anatokwa jasho kama farasi."

KV alimwambia, kama nilivyosimuliwa baadaye, kwamba alikuwapo fainali ya kwanza kabisa, mwaka elfu moja mia tisa na tatu, Boston na Pittsburgh, watu wakasimama hadi ndani ya uwanja wakizuiwa kwa kamba. Mwaka uliofuata haikuchezwa, kwa sababu New York walikataa kucheza na mabingwa wa ligi ile nyingine, waliwaona wadogo. KV alisema Oktoba ile alikaa chumbani kwake wiki nzima bila kujua mikono yake aiweke wapi. Tangu hapo hakukosa hata moja. Hata mwaka wa vita, walipoicheza Septemba ili vijana waende jeshini, alikuwapo. Hata mwaka ule ambao baadaye tulisikia wachezaji wa Chicago waliuza mechi.

Wengine kwenye laini walikuwa wakisikia kila neno, na hawakuwa na adabu. Mara moja mtu wa ofisi ya Des Moines aliingilia: "Oaneni basi, tusikilize mpira!" Elna alinisomea maneno hayo kwa sauti bila kukusudia, kisha akawa mwekundu hadi shingoni. Alicheka. Nilikuwa juu ya jukwaa nimeshika kamba, nikageuka, nikamwona akicheka, na nikaukosa mpira uliofuata. Lindqvist alinitukana vya kutosha siku hiyo.

Wiki ikiisha, KV alituma neno moja, "Mwakani," na Elna alirudia neno hilohilo. Kisha bei ya mahindi.

Elna hakuwahi kumuuliza KV jina lake. Nilimuuliza mara moja kwa nini asimwandikie barua.

"Nitamwandikia nini, Bwana Dvorak?" alisema. "Kwamba huku kuna mawingu?"

Mwaka wa kumi na moja wa ubao ule, duka la samani lililotazamana nasi liliweka redio dirishani. Mzee Pruitt, mhariri wetu, alidhihaki. "Kisanduku kile kinakoroma kama babu yangu. Watu wanataka kuona mpira ukitembea." Na kweli, Oktoba ilipofika barabara ilijaa upande wetu.

Mchezo wa kwanza ulipoanza, Elna alinyamaza muda kabla ya kusema chochote. Niligeuka.

"Siye yeye," alisema.

"Nani?"

"Mkono si wake." Kisha akaanza kunipigia kelele za mipira kama kawaida.

Zamu zilipobadilishana aliuliza kwenye laini, KV yuko wapi? Mtu mpya alijibu kwa haraka ya vijana: "Sijui. Niko kazini. Acha laini wazi." Des Moines hakutania. Hakuna aliyesema kitu. Ukimya huo, Elna aliniambia baadaye, ulimwambia nusu ya habari, lakini alikataa kuisikia.

Michezo sita ilipita hivyo, mitatu kwa mitatu. Jioni nilimwona kwa Mgiriki akikoroga supu hadi ikapoa. Siku ya mchezo wa saba kulikuwa na baridi na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Walifika hadi kwenye ngazi za benki. Zamu ya tisa, ya mwisho, wenyeji wakapata nafasi ya kupiga. Walikuwa nyuma kwa pointi moja, watu wao wawili wako vituoni, wawili wameshatolewa, na wa tatu akitolewa mchezo umekwisha. Mpira mmoja ungeamua kila kitu. Mrushaji akaomba dakika ya kufunga kiatu.

Kidude kikagonga. Nilijua si mchezo, kwa sababu Elna hakusema kitu. Ilikuwa ofisi ya Omaha, mwanamke aliyekuwa akisikiliza laini ile miaka yote. Nadhani alishindwa kuvumilia zaidi. Alituma: "Iowa, dada, KV alifariki mwezi wa tatu. Mapafu. Tulidhani unajua. Pole."

Halafu mchezo ukaendelea, na Elna hakuusikia.

Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nasubiri. Barabara ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia bendera ya posta ikipigapiga. Nusu dakika. Dakika.

"Harlan!" Lindqvist akaita, na safari hii hakuwa anatania. "Vipi huko?"

"Bi Elna," nikasema. "Amepiga?"

Mikono yake ilikuwa mapajani. Kidude kiliendelea kugonga mbele yake.

"Bi Elna!" Pruitt aliingia mbio. "Sema kitu! Sema chochote!"

"Sijasikia," alisema.

"Hujasikia vipi? Watu elfu mbili wanasubiri! Bahatisha!"

"Sibahatishi, Mzee Pruitt."

Hapo ndipo yowe lilipopigwa ng'ambo ya barabara. Watu kumi na wawili waliokuwa kwenye dirisha la samani waliruka juu, wakatupa kofia. Kichwa kimoja kiligeuka upande wetu, kisha mia, kisha wote. Niliwaona kupitia ufa wa ubao wakivuka barabara, wakikimbia, wakisukumana kuulizana, hadi mtu wa duka akakiinua kisanduku dirishani ili wote wasikie. Upande wetu palibaki maganda ya karanga na mzee mmoja ambaye magoti hayakumruhusu kukimbia.

Elna alivuta pumzi, akaweka kidole mtamboni, akaomba: "Rudia." Yule kijana akarudia kwa hasira.

"Amepiga katikati, mbali," Elna alinisomea, polepole, kila neno mahali pake. "Wa kwanza amerudi nyumbani. Wa pili amerudi nyumbani. Wenyeji wameshinda. Ni mabingwa."

Niliuvuta mpira hadi katikati, mbali. Nikawarudisha watu wote wawili nyumbani, mmoja baada ya mwingine, kama inavyotakiwa. Yule mzee alipiga makofi.

Elna hakufukuzwa kazi. Pruitt alikuwa mkali wa mdomo tu. Lakini ubao ulishushwa wiki iliyofuata, na mbao zake zikawa rafu za karatasi.

Mwezi wa nne Elna aliomba likizo, ya kwanza maishani mwake, akapanda treni kwenda mashariki. Kupitia chama cha watu wa telegrafu alikuwa amepata jina: Kasimir Valenta, na anwani ya nyumba ya kupangisha kule Pittsburgh. Aliporudi nilikuwa stesheni, nikijifanya nimekuja kuchukua kifurushi. Nilimbebea sanduku, na njiani alinisimulia, akitazama mbele muda wote.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mwema. Alimwambia Bwana Valenta alikaa chumba kimoja miaka ishirini na miwili. Alilipa kwa wakati, alikula peke yake, hakuleta mgeni.

"Nilimuuliza kama aliwahi kumtaja mtu," Elna alisema. "Mtu wa mbali. Mtu wa kazini."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana. Alifikiri sana, maskini, alitaka kunifurahisha. Akasema, 'Hapana, binti yangu, hakuwa msemaji. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuja kumuulizia.'"

Chumba kilikuwa kimeshapangishwa kwa mtu mwingine. Kaburi aliliona, lilikuwa na namba tu, akamlipa mchongaji aweke jina. Kisha, kwa kuwa treni ilikuwa ya jioni, alikwenda uwanjani. Ulikuwa mchezo wa kawaida wa mwanzo wa msimu, na viti vingi vilikuwa vitupu.

"Ukoje?" nilimuuliza. Mimi mwenyewe sijawahi kufika.

Alifikiri hadi tukafika kona ya kanisa. "Majani ni ya kijani kuliko nilivyodhani. Na wanasimama tu, Bwana Dvorak. Muda mrefu wanasimama tu, kila mmoja mahali pake, mbali na mwenzake. Hilo hakuwahi kuniambia." Akahamishia mkoba mkono mwingine. "Mtu mmoja akapiga mpira mrefu, nami nikajikuta nasubiri mtu aniambie umeangukia wapi. Nikaondoka."

Tulifika kwenye lango la mjane. Nilikuwa nimepanga kumwambia jambo. Nilikuwa nimelipanga tangu ile siku alipocheka. Badala yake nilisema sanduku si zito hata kidogo, na yeye akasema ahsante, nimekuwa mwema sana, akaingia ndani.

Kabla ya theluji aliomba kazi ya reli, akapelekwa kwenye stesheni ndogo magharibi ya Nebraska. Nilisikia kwa Mgiriki, siku mbili baada ya yeye kuondoka.

Krismasi ilinikuta na kadi yake. Aliandika kwamba treni ni tano kwa siku, upepo haupumziki, na amenunua kuku watatu ambao wamegoma kutaga. Hakuandika kitu kingine. Niliisoma mara nyingi, kisha nikaandika kurasa tatu kumjibu. Asubuhi nilichana mbili, nikatuma ile moja iliyobaki, iliyohusu kuku.