Mngurumo wa Chaneli ya Tatu

Kila Kasilda alipokitwaa kipaza sauti na kupiga hatua mbili mbele, kama alivyozoea kufanya tangu usichana wake, spika zote nne za kanisa zilianza kunguruma. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nzito, ya chini, kama ya ng'ombe anayeguna zizini, na ilimfuata neno kwa neno hadi mwisho wa ubeti. Alipokirudisha kipaza sauti mahali pake, mngurumo ulikatika kama uliofyekwa.

Evodi, fundi redio wa mtaa wa Nsemulwa, alikuwa ameinamia mashine ya kuchanganyia sauti huku jasho likimtiririka. Mashine yenyewe ilikuwa kikongwe: meza ya chuma yenye chaneli kumi na mbili, iliyokuja kwa lori kutoka misheni moja ya kando ya ziwa baada ya wenyewe kupata mpya. Ilifika na vumbi, mayai ya mende na mvumo usiokoma. Evodi aliifungua, akabadili kapasita za sehemu ya umeme zilizokuwa zimevimba na kuvuja, akasafisha swichi kwa spiriti, akachomea upya risasi, ile madini laini ya kuunganishia nyaya, kwenye matundu yote ya kuchomekea. Siku nne. Mvumo ule mkubwa ukaisha, na jina lake likapanda. Mwaka ule wa 1995 mafundi wa kazi hiyo Mpanda nzima walikuwa watatu, na wawili kati yao walimpelekea yeye kilichowashinda.

Sasa ulibaki huu mdogo, ambao ulimtii Kasilda peke yake.

Alijaribu kila alichokijua. Alibadili waya. Alibadili kipaza sauti. Alikishika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amesimama pale pale kando ya mashine: kimya. Akampa Kasilda, naye akapiga hatua zake mbili: mngurumo. Wanakwaya arobaini walikuwa wakimkodolea macho, kanda ya kurekodia ikiwa imekwisha kutegwa, na mwalimu wa kwaya, Stanslaus, akisaga meno.

"Fundi, tatizo nini?"

Evodi hakujua. Na kwa mtu kama yeye, kutamka "sijui" mbele za watu ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akacheka.

"Mashine ni nzima, Mwalimu. Naona inamkataa huyu mama."

Watu wakaangua kicheko. Kasilda naye alicheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Asiyecheka alikuwa Dorice, mke wa Stanslaus, aliyeimba nyuma ya Kasilda kwa miaka sita akingoja apewe yeye ubeti wa kwanza. Yeye alimtazama Kasilda machoni, akatazama tena.

Macho hayo yalikuwa mekundu. Kwa miaka thelathini Kasilda alikuwa akichemsha nta ya asali iliyotoka misitu ya Ugalla, na moshi ulikuwa umeyala. Kila mtu alijua ni moshi. Lakini mjane asiye na mtoto, mwenye macho mekundu, hahitaji ushahidi mwingi kuitwa mchawi katika nchi ile. Hungojewa neno moja tu la kuanzia. Neno hilo Evodi alikuwa amelitoa bure, kwa mzaha.

Kufikia Jumanne lilikwisha kufika kisimani. Jumatano Stanslaus alimwambia Kasilda apumzike kidogo, "mpaka mashine itulie."

Alhamisi alasiri Evodi alikuwa peke yake kanisani. Alitaka kuisogeza ile meza karibu na ukuta, akajikwaa kwenye waya wa kipaza sauti, waya ukavutika, na spika zikanguruma. Alisimama akiwa ameinua mguu mmoja. Akauvuta tena waya. Zikanguruma. Akaulegeza. Kimya.

Alipoifungua mashine hakutafuta sana. Kwenye tundu la chaneli ya tatu risasi ilikuwa imeshika nusunusu, kijivu, isiyong'aa, na katikati yake ulipita ufa mwembamba kama unywele. Anayeimba akisimama mahali pamoja, ufa hujifumba. Anayepiga hatua mbili akauvuta waya, hufunguka. Ilikuwa kazi ya mkono wake. Aliikumbuka hata siku yenyewe: umeme ulikuwa karibu kukatika, naye aliharakisha.

Aliichomea upya. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho alijiambia atamwona Stanslaus jioni ile ile. Kisha akajiambia hapana haja. Kasilda akirudi, atakishika kipaza sauti, wote watasikia kimya, na hicho kimya kitawasemea wote wawili. Woga una kipaji cha kujivika joho la busara.

Jumapili aliyekitwaa kipaza sauti alikuwa Dorice. Alipiga hatua mbili mbele, kisha ya tatu, makusudi. Spika zilitoa sauti yake peke yake, safi kama maji ya mtungi. Mnong'ono ukapita kanisani kutoka benchi hadi benchi. Kasilda alikuwa ameketi karibu na mlango, kati ya nafasi mbili zilizoachwa wazi, moja kila upande. Aligeuka akamtazama fundi. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa ni saa ngapi. Evodi akainama, akajifanya anarekebisha kitu kisichohitaji kurekebishwa.

Siku mbili baadaye vijana walivunja vyungu vya nta vya Kasilda. Ya tatu wakachoma paa la nyumba yake.

Evodi alimkuta amekaa juu ya jiwe mbele ya kuta nyeusi, na kifurushi kimoja miguuni. Alimweleza yote akiwa amesimama: ufa, risasi, haraka yake.

"Kumbe ilikuwa risasi," Kasilda alisema.

"Ilikuwa risasi, mama."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kutoka Alhamisi hadi siku ile. "Mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza," alisema. "Huenda kuna kitu ninacho na sikijui. Nilisali kitolewe." Akakung'uta majivu kwenye kitenge. "Haya, kaseme."

Alikwenda. Stanslaus alimpokea barazani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Fundi, wewe ni mtu mwema," alisema. "Usijichafue kwa ajili yake."

"Mwalimu, nakwambia ni mimi! Nifungue mashine nikuonyeshe?"

"Unionyeshe nini? Ilinguruma akiwepo. Ameondolewa, imetulia. Nani asiyesikia?" Akashusha sauti. "Na wale vijana waliochoma, wewe unataka wakaambiwe nini sasa? Kwamba wamechoma kwa ajili ya waya?"

Dorice alitoka ndani na chai. Alimpa Evodi kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, bila kumtazama usoni. Naye, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, aliinywa.

Kasilda aliondoka na treni ya Tabora wiki ile. Wengine walisema ana ndugu Kaliua. Wengine walisema hana ndugu popote. Kwaya ilirekodi kanda yake, ikauzika hadi kijiji cha Litapunga.

Baraza la Evodi lilijaa kazi. Watu walileta redio kutoka mbali, wakawapita mafundi wengine njiani, na walipomwamkia waliinama kuliko zamani. Asubuhi moja mwanamke asiyemjua aliweka redio kubwa mezani, akaangalia nyuma, kisha akasogea.

"Inanguruma mama mkwe akiingia ndani," alinong'ona. "Mtu mwingine akiingia, haingurumi. Nimeambiwa wewe unajua. Niambie tu kama ni yeye."

Evodi aliigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma. Kapasita kubwa ilikuwa imevimba, imepasuka juu.

"Ni kapasita tu, mama. Imekufa. Hakuna mtu hapa."

Mwanamke akatabasamu taratibu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Nimekuelewa, fundi," alisema, akajitwisha redio yake, akashika njia.

Evodi alisimama. Alitaka kumwita, lakini hakujua jina lake, wala kijiji alichotoka, wala jina la mama mkwe wake.