Rezo ya Ng'ambo

Ziwani, Christine Bulonza hakuogopa maji. Aliogopa rezo ya ng'ambo, mtandao wa simu wa nchi jirani.

Wakati wa Pasaka, akisafiri kwa boti kwenda Goma kumwona mdogo wake, alisinzia kitini kwa nusu saa, simu mapajani. Simu ikajishikiza yenyewe kwenye mnara wa Rwanda. Alipoamka, unite zote za kupigia zilikuwa zimekwenda, mega za intaneti zimekauka, naye hakuwa amempigia mtu hata mmoja. Aliporudi Bukavu akaenda kulalamika kwa kampuni ya simu, na mama wa dirishani akamjibu kwa upole: "Ukiwa ku rezo ya wenyewe, maman, hata ukipokea tu unalipa. Hata ukilala." Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa sekretari wa chuo, mtu wa kupanga mambo, na hakuzoea kuporwa akiwa usingizini.

Basi Jumamosi ya jubile hakutaka kurudia kosa. Kaka yake mkubwa, Zagabe, na mkewe Domitille walikuwa wametimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na Christine ndiye aliyepanga kila kitu: misa ya shukrani kwenye kanisa la kisiwa cha Idjwi walikofungia ndoa, sufuria za wali na sombe ya majani ya muhogo, vitenge vya sare vya rangi ya buluu, na boti ya mbao ya Papa Bisimwa iliyokodiwa kwa siku nzima. Wakapanda asubuhi abiria ishirini na sita, yeye akiwemo. Nahodha aliitwa Chris, mtu wa maneno machache, miwani ya jua haimtoki usoni. Moteri iliyofungwa nyuma ilichungwa na Jean-Marie, mrefu, mwembamba, suruali kaikunja hadi magotini. Kila mama mzee aliyepanda, Jean-Marie alimshika mkono na kumwonyesha pa kukanyaga.

Walikuwa wanazipita nyumba za mwisho za Muhumba simu ya Christine ilipolia. Murhula. Huyu alikuwa jirani yake kule Kadutu, fundi wa mbao anayetengeneza vitanda na milango, na mara nyingine maboti. Christine akajipiga paji la uso. Ufunguo wa robine, bomba la maji la avenue yao, ulikuwa ndani ya mkoba wake! Yeye ndiye aliyekabidhiwa kuutunza, na asubuhi kwa haraka za sherehe alikuwa ameondoka nao. Akayaona machoni pake mabidoni ya maji yaliyopangwa mstari, na akina mama wanaomtaja vibaya. Akaona haya, akaikata simu.

Haikupita dakika, Murhula akapiga tena. Safari hii Christine alipotazama kioo, jina la kampuni yao lilikuwa limetoweka na jina la ng'ambo limekaa mahali pake. Akaikata upesi kama mtu anayefukuza nyuki, akasimama katikati ya boti.

"Bandugu, munisikilize! Bote muweke simu ku mode avion, zisishike rezo yoyote. Asiyejua, aizime kabisa. Tuko mu rezo ya Rwanda hapa. Mutu akikuita, ukipokea, njo weye unalipa."

"Na picha je, tantine?" aliuliza Gloire, binti wa Zagabe, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni.

"Picha utapiga. Kutuma, utatuma tukirudi."

Zagabe akacheka. "Huyu dada yangu wangempa wizara ya feza, Kongo ingekuwa imeshapona."

Watu wakacheka, wakatii. Christine akapita benchi kwa benchi akikagua vioo vya simu, kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Simu ya mzee mmoja aliyeshindwa nayo, Christine aliizima mwenyewe. Alipokwisha, hapakuwa na simu hata moja ndani ya boti ile ambayo mtu wa nchi kavu angeweza kuifikia. Akarudi kukaa, ameridhika.

Korale, waimbaji wa kanisani waliopanda nao, ikaanza nyimbo. Jua lilikuwa limetoka, lakini upande wa milima ya Kahuzi wingu lilikuwa limejikunja, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ukaanza kuja kwa vipande. Mji ulizama nyuma yao. Wavuvi waliowaona njiani waliinua mikono, isipokuwa mmoja. Huyo aliacha kasia lake, akaitazama boti yao kwa muda mrefu, akasema neno ambalo moteri ililimeza.

Christine hakulitilia maanani, mpaka alipoona kitambaa cha sufuria ya sombe. Kilikuwa kikavu walipoondoka. Sasa ncha zake zimelowa na zinachezacheza. Maji ya mawimbi, akajisemea. Kisha akamwona Domitille, bila kuacha kuimba, anavivua viatu vyake vipya na kuinua miguu juu ya kreti ya soda. Christine akainama ubavuni, akanyoosha mkono. Asubuhi gatini alitaka kunawa vidole, maji yakawa mbali, ikabidi apewe kikombe. Sasa ziwa lilimgusa kiganja kabla mkono haujanyooka.

Akainuka, akaenda nyuma huku akitabasamu kwa kila aliyemtazama.

Jean-Marie alikuwa amepiga magoti chini ya moteri, tumbo wazi, anateka maji kwa bidoni lililokatwa na kuyamwaga nje. Maji yalimfika nusu ya mapaja.

"Papa Jean-Marie, iko nini?"

"Ni maji ya kawaida, maman. Boti ya mbao inakunywaka kidogo. Rudia ku korale."

Lakini hakuinua uso, na mikono yake ilikwenda mbio kuliko maneno yake. Christine akajiuliza shati lake liko wapi. Ndipo alipoliona: mkono mmoja wa shati umetokeza kati ya mbao mbili, unapunga ndani ya maji taratibu, kama mtu anayeita.

Hapo ndipo jina la Murhula lilipomrudia. Fundi wa vitanda na milango. Na maboti.

Akaitoa simu. Kwa haraka akakosea namba ya siri mara mbili. Alipoondoa mode avion, simu ikatafuta, ikatafuta, kisha jina la ng'ambo likatokea na ujumbe ukaanza kumiminika, mmoja juu ya mwingine. Murhula amekutafuta. Murhula amekutafuta. Katikati yake, ujumbe wa maandishi:

"Maman Christine MUSHUKE. Iyo boti haiyamalizika. Chini ya moteri nilitosha mbao ya kuoza, nikaweka ingine na misumari mbili tu, leo njo nilikuja kumaliza. Nimekuta imeshaenda. Papa Bisimwa simu yake imezimwa. MURUDI."

Ulikuwa umeandikwa saa tatu na dakika ishirini. Sasa ilikaribia saa tano.

Akampigia. Unite zilikuwa kidogo. Alikuwa amenunua kidogo makusudi, ili ng'ambo wasipate cha kula. Murhula akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Muko wapi?"

"Katikati ya ziwa. Maji inaingia nyuma."

"Musizime moteri! Mukizima, nyuma itashuka. Batu bote bakuje mbele, polepole, bajigawe pande zote mbili, nyuma inyanyuke. Mutafute inchi ya karibu, yoyote, musingojee gati. Na maman, huyu wa moteri, umwambie asi—"

Kimya. Christine akaita, "Allô? Allô, Murhula?" Kwenye kioo palikuwa na maneno mafupi ya kumjulisha kwamba salio lake limekwisha.

Asi nini? Asifanye nini? Hakuwa na muda wa kuwaza. Simu za wengine zingechukua dakika kuamshwa, na kuziomba kungekuwa kupiga kelele ya hatari ndani ya boti iliyojaa wazee. Akamfuata Chris, akamwambia sikioni neno kwa neno. Nahodha akavua miwani yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yake yalikuwa ya mtu mdogo kuliko Christine alivyodhani, na yaliogopa.

"Kiko kisiwa kidogo pale," akasema. "Dakika kumi na tano. Basiruke, maman. Bakianza kuruka, tumekwisha."

Christine akageuka, akapiga makofi.

"Picha ya jubile! Bote mbele, pamoja na bibi na bwana arusi! Polepole, bamoja kushoto, bamoja kuume. Wazee kwanza. Gloire, piga!"

Wakaenda, wakisukumana kwa utani na kuvuta vitenge vyao. Domitille peke yake alimtazama wifi yake usoni, akaelewa, akamshika mzee wa karibu mkono na kumwongoza mbele. Nyuma ya boti ikainuka kidogo. Gloire akapiga picha moja, akapiga ya pili. Christine alirudi kwa Jean-Marie.

"Kuja mbele, papa. Fundi amesema bote mbele."

"Na maji itatoshwa na nani?" Alikuwa amesimama sasa, ameukandamiza mguu mmoja juu ya mbao ile ya shati, mgongo wake chini ya moteri, anateka na kumwaga. "Nikitosha muguu, inapanda. Enda, maman. Tunakaribia."

Christine alisimama mbele yake, na lile neno lililokatika likamzunguka kichwani. Asi. Asiache? Asichoke? Akaenda.

Walifika karibu kabisa. Watu walikuwa wamekwishaelewa. Nyimbo zilikuwa zimegeuka rozari, na ufukweni wavuvi waliokuwa wakianika vidagaa vya sambaza walikuwa wanasukuma mitumbwi majini. Zilibaki kama mita hamsini pale mlio uliposikika nyuma, mkavu, kama kuni inapovunjwa gotini. Moteri ikanyamaza. Nyuma yote ikashuka kwa pamoja na boti ikajilaza ubavu, taratibu, ikamwaga watu, sufuria na kreti.

Christine alikunywa ziwa. Mkono fulani ukamshika kitenge, ukamburuta hadi kwenye mtumbwi. Alipofika mchangani alianza kuwahesabu akiwa bado anatapika, akiwagusa vichwa mmoja mmoja kwa kiganja. Ishirini na tano, na yeye ishirini na sita. Chris, ishirini na saba. Akaanza upya. Akaanza mara ya tatu, mpaka Zagabe alipomkumbatia akamzuia mikono.

Wavuvi waliibuka na mwili wa Jean-Marie alasiri. Moteri ilikuwa imemlalia mguu.

Murhula alikuja nyumbani kwa Christine Jumatatu. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

"Ulimwambia asikanyage ile mbao? Asikae chini ya moteri? Ikitoka, moteri inamwangukia."

"Unite ziliisha, Murhula. Ulisema 'asi', ikakatika."

Fundi akaketi palepale kizingitini. Akasema, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayejisomea: "Nilikuita mara kumi na moja. Ile ya kwanza, mulikuwa mungali munaonekana toka ku gati."

Avenue nzima ilimsifu Christine. Gloire alikuwa ameiokoa simu yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaituma ile picha kwa jamaa wote: watu wa buluu mbele ya boti, wanacheka, na Christine pembeni, ndiye pekee aliyetazama nyuma. Watu waliandika kwamba Mungu alimtumia. Papa Bisimwa alisema ziwa ni la Mungu, akazima simu tena. Zagabe akamsihi dada yake aiache habari ya zile simu za mwanzo.

"Uliokoa batu ishirini na saba. Utamwambia nani? Itasaidia nini?"

Siku ya nne Christine alipanda vichochoro vya Kadutu, juu ya soko, hadi nyumba ya mbao ya Jean-Marie. Mjane wake aliitwa Bintu. Alikuwa chumbani na wanawake wawili. Uani, chini ya shitingi, turubai la plastiki, wanaume wa ukoo wa mumewe walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, wakanyamaza Christine alipopita. Bintu akawaomba wale wawili watoke.

Christine alimwambia yote, bila kukaa. Simu ya kwanza. Ufunguo wa robine. Rezo ya ng'ambo. Jinsi alivyowazimisha watu wote simu zao kwa mkono wake mwenyewe. Neno lililokatika, na jinsi alivyomwacha Jean-Marie mguu juu ya mbao.

Bintu alisikiliza, macho sakafuni. Christine alingoja kufukuzwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa.

"Unabasikia kule inje?" Bintu akauliza hatimaye. "Banasema mimi njo nilimupa kisirani. Banasema asubuhi ile tuligombana, nikamulaani. Kesho bakubwa ya jamaa bote banakuja, na banataka kunitosha mu nyumba hii na batoto."

"Mulikuwa mumegombana?"

"Juu ya chumvi tu." Bintu akainua macho. Yalikuwa makavu, mekundu. "Kesho saa nane urudie. Useme mbele yao vile umesema hapa. Yote. Usitoshe hata neno."

Nje sauti za wanaume zilikuwa zimeanza tena, nzito zaidi. Mtu mmoja akagonga mlango kwa fimbo, mara mbili, akauliza mgeni huyo ni nani na anataka nini.

"Nitarudi," alisema Christine. Kisha akafikiri, akavuta kigoda, akaketi karibu na Bintu. "Hapana. Uniitie bale ba inje, niseme sasa."