Bisi za Mwalimu

Tangu mkewe atoke hospitali, fundi cherehani alikuwa mtu wa mizani. Asubuhi alishona sare za shule, adhuhuri akafunga kibanda na kurudi nyumbani kupima: viazi gramu ngapi, maziwa kiasi gani, yote yakaingia daftarini. Ugonjwa wa mapafu ulimwacha Mwalimu ngozi na mifupa. Ndivyo alivyomwita mkewe, Mwalimu, hata baada ya kustaafu. Mtaalamu wa lishe alikuwa amewaambia wazi: kalori elfu moja mia nane kwa siku, zisipungue.

Shida, chakula chote kilimnukia dawa. Wali ulinuka dawa, mayai yalinuka dawa. Bisi tu ndizo zilizopita. Basi kila alasiri fundi alipima mahindi gramu sitini na mafuta gramu ishirini, akapiga hesabu, akaandika: mia nne na tano. Siku kumi na nne aliandika hivyo hivyo, macho yakijifumba akiwa wima jikoni.

Siku ya kliniki Mwalimu alipanda mizani. Alikuwa amepungua kilo moja.

"Daftari linasema anakula vizuri," alisema mtaalamu, binti mpole wa rika la kitinda mimba wao. "Mzee wangu, bisi unazipima kabla ya kupika tu, au na mabaki pia?"

Fundi alitazama viatu vyake. Mabaki hakuwahi kuyafikiria.

Kesho yake alianza upya. Alipima sufuria tupu kwanza. Bisi zilipokwisha kupasuka akazimimina, akaipima tena: gramu saba za mafuta zilikuwa zimeng'ang'ania humo. Akaketi kwenye kigoda, akachambua moja moja punje zilizogoma kupasuka. Gramu kumi na mbili. Akatoa, akajumlisha, akarudia. Ile mia nne na tano ilikuwa haifiki hata mia tatu.

Akampelekea Mwalimu bakuli, na baada ya nusu saa akarudi kulichukua. Lilikuwa tupu.

"Umemaliza?"

Mwalimu aligeukia dirisha. "Fundi, kuku wa jirani wamenenepa, hujaona?"

"Kuku wameingiaje hapa?"

"Kwa dirisha. Nusu nawamwagia wao. Tangu wiki ya kwanza."

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani. Alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu.

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ulikuwa unakuja na uso ule. Nikaona nikikurudishia bakuli lenye chakula, utaanguka hapo mlangoni." Akavuta pumzi. "Mimi nimechoka kula. Na wewe umechoka kupima."

"Nimechoka," alisema fundi. Miezi mitatu neno hilo lilikuwa halijamtoka. "Nimechoka sana, Mwalimu."

Nje kuku walikuwa wakiparura chini ya dirisha, wakisubiri haki yao.

Mwishowe Mwalimu ndiye aliyepanga, kama alivyozoea kupanga darasa. Bakuli moja litakuwa matatu madogo, asubuhi, mchana na jioni. Akishindwa, atasema ameshindwa, na fundi hatanuna. Dirisha litafungwa. Daftari nalo ataliandika mwenyewe, maana mwandiko wa fundi, alisema, ulikuwa wa kuku pia. Fundi akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi.

Siku zilizofuata daftari lilijaa tarakimu ndogo za kusikitisha: themanini, mia moja na kumi, sitini. Lakini zilikuwa za kweli, na mtaalamu alipoziona alijua pa kuongezea maziwa na siagi ya karanga. Baada ya mwezi Mwalimu alipanda mizani akiwa ameongezeka gramu mia nne.

"Ni kidogo," alisema fundi.

"Ni kidogo," alikubali mtaalamu, "lakini zimo mwilini."

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakipumzika mara mbili njiani. Mara ya pili aliyeomba kupumzika alikuwa fundi.